Faili Litafunguka Baada ya Miaka Thelathini? Kuchagua Fomati ya Kutunzia Nyaraka za Familia

Kwa miaka mingi matangazo ya nafasi za Katibu Mahsusi serikalini yamekuwa yakimtaka mwombaji awe amefaulu hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunakili maneno kwa kasi, ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 kwa dakika moja, na awe na cheti cha kompyuta katika programu kadhaa, ya mwisho ikiwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa za kuchapa. Programu hiyo sasa inaondoka. Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuihudumia Publisher mwezi Oktoba 2026, na kwamba baada ya hapo wanaolipia huduma yake ya Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili ya .pub kwa programu hiyo. Kwa mji kama Tabora, habari hii si ya wataalamu peke yao. Kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi zenye wasifu wa marehemu, vyeti vya mahafali ya chekechea na vipeperushi vya vikundi vya kuweka na kukopa ni kazi ambazo steshenari zetu zimezoea kuzitengeneza kwa Publisher, na wapo wateja waliokabidhiwa faili la .pub kwenye flashi wakaambiwa walitunze.

Swali linaloulizwa sasa ni kama mafaili hayo yatafutika. Hayatafutika. Kila kilichomo kitabaki ndani ya flashi kama kilivyo, isipokuwa kwamba mwenye faili anaweza kukosa programu ya kulisomea. Kufutika na kutosomeka ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. Wanaohusika si wenye .pub tu, bali pia kila aliyeskani cheti cha shule, hati ya kiwanja au muhtasari wa kikao cha urithi akaamini kwamba kazi ya kuitunza imekwisha.

Faili, fomati, programu na chombo

Faili ni mfululizo wa namba ambao kompyuta imeuandika mahali. Chombo ni mahali penyewe: flashi, diski, simu, au kompyuta ya kampuni fulani ambayo tunaifikia kwa intaneti. Programu ndiyo inayolifungua faili na kutuonyesha kilichomo. Fomati ni kanuni za uandishi wa faili hilo, yaani makubaliano yanayoeleza ni namba ipi inayosimama badala ya herufi ipi, rangi ipi iko wapi, na ukurasa unaanzia na kuishia wapi. Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, kama .pdf, .jpg au .docx, ni lebo tu inayoitaja fomati. Ndiyo maana anayebadilisha jina kutoka cheti.jpg kuwa cheti.pdf hajatengeneza PDF. Amebadilisha lebo, na mfumo wa maombi ya kazi ukilikataa faili hilo unakuwa na haki.

Mkoa uliolea Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, hauhitaji mfano wa mbali katika jambo hili. Hazili, yaani katibu mahsusi, aliyeandika kikao kwa hatimkato aliacha daftari lililojaa mistari, vipinde na nukta. Mtu yeyote akilifungua daftari hilo leo ataona kwamba wino upo na karatasi ni nzima, lakini asiyejifunza hatimkato hatapata hata sentensi moja. Kama hazili alifuata mfumo uliochapishwa vitabuni, kama ule wa Pitman uliotolewa Uingereza mwaka 1837, bado mtu anaweza kuketi, akajifunza, akasoma. Kama alijitungia vifupisho vyake mwenyewe bila kumfundisha mtu, daftari lilistaafu siku aliyostaafu yeye. Fomati za kompyuta nazo ziko hivyo: zipo ambazo kanuni zake zimechapishwa, na mtengenezaji yeyote wa programu anaruhusiwa kuzifuata, na zipo ambazo kanuni zake zinamilikiwa na kampuni moja, kiasi kwamba kampuni hiyo ikibadili mawazo mwenye faili hana pa kukimbilia.

Kwa bahati nzuri, .pub haijafikia hali ya kukosa msomaji kabisa. LibreOffice, ambayo ni programu ya bure, inaweza kufungua mengi ya mafaili hayo, ingawa mpangilio wa kurasa mara nyingine huyumba. Mwenye kazi muhimu ya Publisher anafaa kuifungua sasa, akiwa bado ana programu yenyewe, na kuihifadhi upya kama PDF, maana PDF itaushika mpangilio huo kama ulivyokuwa siku ya kuchapwa.

Wanaodhani kwamba matatizo ya namna hii ni ya watu wasiojua kompyuta wanapaswa kufahamu yaliyoipata BBC ya Uingereza. Mwaka 1986, katika kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, yaani kitabu cha sensa ya mali na ardhi ya England cha mwaka 1086, shirika hilo liliongoza mradi mkubwa wa kukusanya picha, ramani na maandishi ya wananchi, vikawekwa kwenye diski za leza zilizosomwa kwa mashine maalumu. Kabla ya miaka ishirini kupita, mashine za kusomea diski hizo zilikuwa adimu, na wataalamu walilazimika kufanya kazi ngumu ya kuokoa kilichomo. Kitabu chenyewe cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kilikuwa bado kinasomeka.

PDF, na ile PDF ya kutunzia

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba kila kitu kiwekwe PDF. Ushauri huo ni mzuri lakini haujakamilika. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 kanuni zake zikawa kiwango cha kimataifa chini ya shirika la viwango la ISO, kwa hiyo si siri ya kampuni moja tena. Programu zinazoifungua ni nyingi, kuanzia simu za bei ya chini hadi kompyuta za ofisini, na wingi huo wenyewe ni kinga: fomati inayosomwa na programu mia haifi kwa sababu programu moja imeondolewa sokoni.

Hata hivyo PDF ni fomati inayokubali mambo mengi mno. Inaweza kubeba video, vijiprogramu, fomu za kujaza na kufuli la nenosiri. Inaweza pia kutegemea vitu ambavyo havimo ndani yake, na kinachosumbua zaidi hapa ni fonti, yaani umbo la herufi. Mchapaji akitumia fonti ya mapambo kuandika wasifu wa marehemu, kisha faili lisiibebe fonti hiyo, kompyuta nyingine itatafuta fonti inayokaribiana, na mistari itasogea, majina yatakatika na jedwali la watoto na wajukuu litavurugika.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2005 ISO ilitoa kiwango kingine, ISO 19005, kinachojulikana kama PDF/A. Hii ni PDF iliyopunguziwa uhuru kwa makusudi. Fonti zote lazima ziwe ndani ya faili; nenosiri hairuhusiwi; sauti, video na vijiprogramu haviruhusiwi; na hakuna kitu cha nje kinachoweza kuhitajika ili ukurasa uonekane. Anayelifungua miaka mingi baadaye anakuta ukurasa umejitosheleza. Kuitengeneza hakuhitaji fundi: LibreOffice na Microsoft Word zote zina kisanduku cha kuweka tiki kwa ajili ya PDF/A wakati wa kuhifadhi kama PDF, na tofauti ya ukubwa wa faili huwa ndogo. Yako matoleo kadhaa ya kiwango hiki. Kwa nyaraka za nyumbani, la kwanza na la pili yanatosha, na binafsi nisingelitumia la tatu, kwa kuwa linaruhusu kuambatanisha ndani yake faili la aina yoyote, na kiambatisho hicho hakipati ulinzi wa kanuni zilizobaki. Anayetaka kuhakiki kama faili linafuata kweli kanuni hizo anaweza kutumia veraPDF, programu ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu PDF linafichika kwa wengi. Cheti kilichoskaniwa na kuwekwa PDF bado ni picha. PDF ni bahasha yake tu. Kama picha iliyomo ilikuwa mbovu, PDF haiwezi kuitengeneza. Kwa hiyo swali la kweli kwa nyaraka za karatasi linaanzia kwenye picha.

Picha ya karatasi

Tuchukue karatasi moja ya A4. Ikiskaniwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, ambao ndio ubora unaotosha kwa maandishi ya kawaida, inatoa picha yenye pikseli (nukta za rangi zinazoiunda) 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kila pikseli ya rangi huchukua baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja usiobanwa una takriban megabaiti 26. Hakuna anayependa kutuma faili la ukubwa huo kwa bando la wiki, na hapo ndipo kubana kunapoingia.

Kubana kuko kwa aina mbili. Aina ya kwanza haipotezi chochote: namba zinazojirudia huandikwa kwa ufupi, na faili likifunguliwa kila pikseli hurudi ilivyokuwa. PNG, iliyotolewa mwaka 1996, hufanya hivyo, na TIFF, fomati ya miaka ya 1980 ambayo maktaba na hifadhi za nyaraka zimeizoea sana, inaweza kufanya hivyo pia. Aina ya pili hutupa sehemu ya habari ili faili liwe dogo zaidi. JPEG, ambayo ni kiwango cha mwaka 1992, ni ya aina hii. Hugawa picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa katika kila kipande yale mabadiliko madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi.

Kwa picha ya sura ya mtu au ya mti wa mwembe, JPEG hufanya kazi nzuri, na ndiyo kazi iliyotengenezewa. Maandishi ni habari nyingine. Ukingo wa herufi ni mabadiliko ya ghafla kutoka weupe kwenda weusi, na mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayoumia JPEG inapobana sana. Chukua cheti kilichobanwa mara mbili tatu, ukivute karibu kwenye skrini hadi namba ya mtihani ijaze kioo. Kuzunguka kila tarakimu utaona ukungu wa vidoa vya kijivu, tundu la ndani la 6 limeanza kujaa, na 3 na 8 zinahitaji kukisiwa. Katika cheti cha shule, namba hiyo ndiyo inayokutambulisha. Katika hati ya hakimiliki ya kimila, ni namba ya hati na ukubwa wa shamba.

Kuna aina ya kubana ambayo ni ya hatari zaidi kwa kuwa haiachi ukungu wowote. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine fulani za Xerox za kuskani zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Katika ramani ya nyumba, vyumba vitatu vilivyoandikwa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikiwa 14.13. Mashine hizo zilitumia njia ya kubana iitwayo JBIG2, ambayo hutafuta maumbo yanayofanana na kuyarudia badala ya kuyahifadhi moja moja. Ilipoona maumbo mawili yanakaribiana ikayahesabu kuwa ni kitu kimoja. Namba zilizotoka zilikuwa safi kabisa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitilia shaka. Kwa hiyo baada ya kuskani hati yenye namba za fedha au vipimo, kaa na karatasi mkononi na uzisome namba hizo moja baada ya nyingine kwenye skrini. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hakuna programu itakayokufanyia.

Mkanganyiko unaozunguka picha ni mwingi, na baadhi yake huwapa watu hofu isiyo na msingi. Si kweli kwamba JPEG huchakaa kila inapofunguliwa. Kuitazama, kuinakili au kuihamisha kutoka simu hadi flashi hakuigusi. Inayoipunguza ni kuihariri na kuihifadhi upya, kwa kuwa hapo hubanwa tena kutoka mwanzo. Si kweli pia kwamba kuigeuza JPEG mbovu kuwa PNG au TIFF kutairudishia ubora. Kilichotupwa kimetupwa, na faili jipya litakuwa kubwa zaidi huku likiyatunza kwa uaminifu makosa yaleyale. Kilicho kweli ni kwamba picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa njiani. Anayemtumia ndugu yake aliye Dodoma hati ya nyumba aitume kama nyaraka, kwa kuchagua alama ya faili badala ya alama ya picha; ikienda hivyo inafika kama ilivyotoka.

Wenye iPhone wana jambo lao la ziada. Tangu mwaka 2017 simu hizo zimekuwa zikihifadhi picha kwa HEIC, fomati nzuri kwa kubana lakini ambayo kompyuta nyingi hazifungui bila nyongeza. Katika mipangilio ya kamera unaweza kuiagiza simu itumie JPEG, na kwa picha za kutunza miaka mingi ningefanya hivyo.

Nakala ya kuombea na nakala ya kutunzia

Kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote halitokani na fomati mbaya bali na haraka. Kijana aliyemaliza chuo anakwenda steshenari kwa sababu mfumo wa maombi ya kazi au ya mkopo unataka vyeti vya PDF vyenye ukubwa usiozidi kiwango fulani. Mhudumu anaskani, anaona faili limezidi, anamwambia, "Dada, hii imekuwa kubwa, ngoja niibane." Linabanwa, linakubalika, maombi yanakwenda. Faili hilo dogo ndilo linalobaki kwenye barua pepe na kwenye simu, na lile kubwa linafutwa kwenye kompyuta ya steshenari jioni hiyohiyo. Miaka kumi baadaye cheti halisi kikiliwa na mchwa, kilichobaki ni nakala iliyotengenezwa ili ipenye kwenye mfumo.

Hizo ni kazi mbili na zinahitaji mafaili mawili. Nakala ya kutunzia hutengenezwa kwanza, kwa ubora wa nukta 300 au zaidi, kwa rangi, pande zote mbili za karatasi, na huhifadhiwa kwa TIFF, PNG, au PDF/A ambayo picha yake haikubanwa kwa kupoteza. Nakala ya kuombea hutolewa kutoka kwenye hiyo, na inaweza kubanwa kadiri mfumo unavyotaka, kwa kuwa haibebi jukumu lolote baada ya siku ile. Rangi nazisisitiza kwa sababu steshenari nyingi huskani kwa nyeusi na nyeupe ili kuokoa nafasi, na muhuri wa zambarau uliofifia au saini ya kalamu ya bluu hupotea kabisa au hugeuka doa. Mhudumu akiombwa mapema hakatai. Mara nyingi hajawahi tu kuombwa.

Anayetumia kamera ya simu badala ya skana naye hajakosea, mradi karatasi ilazwe mahali penye mwanga wa mchana usio wa jua kali, simu ishikwe sambamba na karatasi, na programu ya kuskani isiwe ile inayoweka chapa yake chini ya kila ukurasa.

Kuna karatasi ambazo hazisubiri. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto, bila wino, na kwa joto na mwanga hufifia hadi kubaki nyeupe. Risiti ya mabati, ya malipo ya ardhi au ya pembejeo iskaniwe wiki ileile iliyotolewa. Vivyo hivyo kwa stakabadhi za mauzo ya tumbaku ambazo mkulima wa Urambo au Kaliua huzihitaji msimu unapoisha na hesabu za chama zikaleta mabishano.

Yaliyoandikwa kwenye kompyuta

Kwa barua, mikataba na wosia ulioandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta, hoja ya picha haipo. Iliyopo ni ya programu. Fomati ya .docx, iliyoanza na Office ya mwaka 2007, ilifanywa kiwango cha ISO mwaka 2008, na .odt inayotumiwa na LibreOffice ilifanywa kiwango mwaka 2006. Zote mbili kanuni zake zimechapishwa, na hakuna sababu ya kuziogopa. Ile ya zamani, .doc, ni afadhali kuihamisha. Kwa hati iliyokwisha kusainiwa au kukubaliwa, tunza PDF/A kama kumbukumbu ya jinsi ilivyokuwa, na .docx au .odt pembeni kwa atakayehitaji kuihariri. Majedwali ya hesabu ya kikundi yatunzwe vivyo hivyo: faili la kazi lenye fomula, pamoja na PDF/A ya kila mwisho wa mwaka.

Maandishi matupu, yaani faili la .txt lisilo na fonti wala rangi, ndiyo fomati yenye umri mrefu na mahitaji machache kuliko zote, na nashangaa jinsi inavyodharauliwa. Simulizi ya ukoo, orodha ya mipaka ya shamba, majina ya waliohudhuria kikao: haya hayahitaji mapambo. Tahadhari ni moja, nayo inawagusa watu wa Tabora kwa karibu. Herufi nazo zina kanuni zake za kugeuzwa namba, na faili likiandikwa kwa kanuni moja likasomwa kwa nyingine, jina kama Ng’wandu hutokea kwenye skrini likiwa Ngâ€™wandu, kwa kuwa kile kikoma cha juu kimesomwa vibaya. Wakati wa kuhifadhi, chagua UTF-8, ambayo leo ndiyo kanuni ya kawaida duniani, na tatizo hilo halitakuwepo.

Sauti za wazee zirekodiwe kwa WAV au FLAC, fomati za sauti zisizotupa chochote, pale inapowezekana. Kama simu imekwisha rekodi kwa fomati nyingine, tunza rekodi ile ya kwanza kama ilivyo na utengeneze nakala ya MP3 ya kusikilizia. Video ya MP4 inatosha.

Kufuli, chombo na hati halisi

Wengi hufunga mafaili yao kwa nenosiri wakidhani ndiyo kuyatunza. Kufunga kunalinda siri, jambo ambalo wakati mwingine ni la lazima, lakini kwa nyaraka za familia huzaa mkasa unaojulikana: mwenye nenosiri anafariki na warithi wanabaki na faili ambalo hata fundi hawezi kulifungua. Taarifa za benki zinazokuja zimefungwa zifunguliwe na kuhifadhiwa upya bila kufuli kabla ya kuwekwa kwenye kumbukumbu, na chombo chenyewe ndicho kilindwe. Kama ni lazima nenosiri liwepo, liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati halisi, mahali ambapo angalau mtu mmoja mwingine anapajua.

Kuhusu chombo, fomati nzuri haimsaidii aliye na nakala moja. Flashi hufa bila taarifa, hupata virusi kwenye kompyuta za kukodi, na hupotea. Wataalamu wa kumbukumbu hupendekeza nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Nakala ya nje inaweza kuwa flashi iliyo kwa shangazi Nzega. Inaweza pia kuwa ya mtandaoni, mradi mwenyewe ajue kwamba akaunti nazo zina masharti. Google, kwa mfano, tangu mwaka 2023 ina utaratibu unaoiruhusu kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili.

Wapo wanaouliza kama wakishaskani wanaweza kuchoma karatasi. Jibu ni hapana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali rekodi za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini uzito wake hupimwa kwa kuangalia jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama haikuguswa tangu hapo. Cheti cha kuzaliwa, hati ya ardhi na cheti cha ndoa vibaki vizima, ndani ya mfuko wa plastiki ulio wazi na sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, kwa kuwa mchwa wa huku hawachagui. Hati halisi isipelekwe kulamineti: plastiki ile hushikana na karatasi kwa joto na haitoki tena bila kuiharibu.

Kilichobaki ni majina. Faili liitwalo Scan0047 halisaidii mtu. Jina kama 1998-06-12_hati-ya-kiwanja_Isevya, lenye mwaka mbele, hujipanga lenyewe kwa tarehe na linaeleweka na asiyelitengeneza. Katika folda hiyohiyo weka faili moja la .txt linaloorodhesha kilichomo, karatasi halisi ya kila hati iko wapi, na nani ana nakala nyingine. Kila baada ya miaka miwili au mitatu yafunguliwe machache kutoka kila fomati. Programu mpya ikianza kusitasita kufungua fomati fulani, hapo ndipo pa kuihamisha kwenda fomati nyingine iliyo wazi, wakati programu ya zamani bado ipo kwenye kompyuta ya mtu unayemfahamu. Na faili la awali libaki kando ya jipya hadi utakapokuwa umelinganisha kurasa zote.